Mkwe Wangu Kwenye Skrini ya Jambiani

Mama mkwe wangu mtarajiwa alionekana Jambiani akicheza bila mtandio, na wakati huo yeye mwenyewe yupo Malindi anakunywa chai.

Tulieni. Si uchawi. Ni mimi.

Mi ndo naangalia kompyuta za studio moja ya picha za harusi. Tuna seva mbili: moja hapa Malindi mjini, moja tawi la Jambiani. Ukiweka faili huku, linatokea na kule. Ukifuta huku, kule nako linafutika. Kusudi moja ikizimika, kazi isilale.

Picha za sherehe ya wanawake zina folda yake. Mwanamme hafungui. Siku hiyo nnapanga mafaili, kidole kikateleza, folda ikaangukia kwenye matangazo.

Matangazo ndo yanayooneshwa kwenye skrini ya duka la Jambiani. Wanaume wamekaa wanasubiri picha za pasipoti, mara Bi Nasima huyo, nywele nje, kiuno kinazungumza.

Na posa yangu kwa binti yake Wanu hajaijibu bado.

Haroub, kijana wa tawi lile, akanipigia. "Ridhwan, wake za watu wamejaa ukutani."

Nkafuta folda nzima. Roho ikatulia kama nusu dakika hivi.

Kisha nkakumbuka kuwa kamera zilishasafishwa, hazina picha tena. Nimefuta huku, kule nako kumefutika. Harusi yote imekwenda.

Bi Nasima akaingia kuchukua picha zake. Nkamwambia kweli, uongo ulinikaukia mdomoni. Akanitaka nimpigie Haroub hapohapo, na sauti niweke nje.

Kumbe Haroub, kabla ya kunipigia, alitaka kuzima skrini. Kwa haya akafumba macho, akapapasa, akachomoa waya wa intaneti. Amri yangu ya kufuta haikumfikia. Picha zote anazo, na skrini kaifunika shuka.

Bi Nasima akamwambia asichomeke chochote, anaifuata seva mwenyewe. Akanigeukia.

"Na wewe ulipofuta, uliangalia?"

"Kidogo tu, Bi. Nsije nkafuta za watu wengine."



Akaisogelea simu. "Haroub mwanangu, una mke?"

"Sina, Bi."

Yeye na Wanu wameoana Ijumaa iliyopita. Wanu alikubali siku ileile ya simu, na hilo ndo linaloniuma.

Jamani, seva mbili zinazoigana si akiba. Moja ikifanya ujinga, ya pili inafuata. Wekeni nakala ya tatu mbali, isiyosikia la mtu.

Na mkwe akikuuliza kama uliangalia, hukuangalia.