Diski Iliyotangaziwa Msiba

Juzi, kwenye duka la kuchapa pale Chang'ombe, kompyuta ilizima ghafla na utafiti wa binti wa chuo ukiwa ndani. Ilipowashwa, ikaandika kwamba diski haionekani.

Fundi wa kompyuta aliyeitwa akaitazama kutoka mlangoni. "Diski imekufa hiyo."

"Imekufaje, kaka, na kesho nakabidhi?" binti akauliza, machozi yakimlenga.

Mimi nilikuwa nasubiri zamu yangu ya kuchapa; hasira zikanipanda. Nikagusa boksi la kompyuta, la moto kama kikaango! Mama mwenye duka alikuwa amelifunika lote kwa kitambaa cha kufuma, hadi matundu ya hewa. "Vumbi, baba," akajitetea.

Tukakitoa, tukaipumzisha mashine nusu saa, tukaiwasha. Utafiti ukatokea, kurasa zote. Binti akacheka huku anafuta machozi.

"Nilijua ni joto tu," fundi akasema.

Jamani mafundi, kabla ya kutangaza msiba, mguseni kwanza mgonjwa.