Jina la Tatu

Kwetu Wabarbaig, mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata mzee akishafariki. Nimeolewa kijijini Mogitu miaka mingi, na jina hilo halijawahi kupita mdomoni mwangu.

Sasa nenda hospitali uone! Walikuwa wamenikata kanyama kwenye titi wakapime kama uvimbe wangu ni saratani. Siku ile aliniandikisha mume wangu. Siku ya majibu ng'ombe walikuwa wanaumwa, nikaenda peke yangu, na mvua ikalowesha kadi yangu mpaka namba haisomeki.

"Shikamoo mama," karani wa dirishani alinisalimu. "Majina matatu?"

Nikataja langu na la mume wangu.

"Mko wawili hapa, na umri mmoja. La tatu?"

La tatu ni la baba mkwe wangu.

"La ukoo, mama."

"Litaje wewe, nami nitakuambia ndiyo au siyo."

"Hapana, mama. Majibu ya mtu hayabahatishwi."

Jamani, nilikasirika! Wiki tatu sijapata usingizi wa maana, majibu yangu yako pale mbele ya macho yangu, halafu huyu mtoto wa watu, katoka sijui mkoa gani, ananigomea. Nilimpa maneno ambayo sitayarudia hapa. Foleni ikaanza kuguna. Mtu nyuma yangu akasema eti sijui hata ukoo nilioolewa, na wenzake wakacheka. Nilitamani kulia.

Karani akasogea karibu na kioo, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, ni mwiko?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Unajua kuandika?"

"Mimi nimemaliza la saba!"

Akanisogezea karatasi na kalamu. Nikaandika. Mdomo ndio una mwiko. Habari za mkono hakuna aliyewahi kuniambia.

Daktari alifunga mlango kwanza, ndipo akasema ni uvimbe wa kawaida, si saratani. Nikamwomba arudie. Akarudia. Ee Mungu wangu! Nilicheka, nikalia, nikamshika mikono na kumwita baba, wakati ni mdogo kuliko mwanangu wa kwanza.

Nilikuwa bado nimekaa kwenye benchi la nje, niliposikia nesi akiita majina mawili, langu na la mume wangu. Nikainuka.

"Si wewe, mama. Wewe umeshaonana na daktari."

Akaingia mwanamke wa rika langu, kanga yake imelowa kama yangu. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka, nesi alikuwa amemshika mabega, na yeye alitupita wote kama hatuoni.

Nilirudi dirishani. Foleni ilikuwa imeisha.

"Nisamehe, mwanangu," nilimwambia karani.