Kwaya ya Vijana Wanne

Juzi, nilipokwenda Irente kununua jibini, niliona jalada la santuri limeegemezwa dirishani mwa duka: vijana wanne wa Kiingereza, suti za aina moja, nywele zimefunika nyusi. Pale pale nikasikia harufu ya moshi wa mkaratusi, ule wa jikoni kwa bibi.

Santuri kama hiyo shangazi aliachiwa na Wazungu aliowafulia nguo, pamoja na gramafoni yao. Mchana mmoja wa ukungu, nikiwa mtoto, aliiweka. Ilikwaruza kidogo, kisha sauti zikapanda pamoja, tamu. Kwa kuwa walivaa sare, nilijua ni kwaya. Nikasimama wima, na wimbo ulipoisha nikasema, "Amina."

Bibi hakucheka. "Wanasema nini?" alimuuliza shangazi.

"Wanamwomba mtu arudi nyumbani, mama."

Bibi aliacha kumenya viazi. Babu alishuka Mazinde kukata mkonge kabla sijazaliwa, na hakurudi.

"Hebu urudie," alisema.

Juzi niliwaomba wenye duka wanipigie wimbo ule. Vijana wale wanasifia dansi la Jumamosi tu. Hakuna anayeombwa arudi. Nikampigia simu shangazi, nikamwamkia, nikamuuliza.

"Kiingereza nilikuwa sikijui," alisema. "Nilikuwa namkumbuka baba."