Mwenye Mstari wa Buluu

Mimi ni mtu wa nyumbani kabisa. Maji huchota mke wangu, Biira, mama wa mwanangu Kule, kabla hajaenda kuuza uji wake, sijui wapi.

Juzi nilisoma katika kitabu cha historia kwamba kwa alama za kwenye mitungi ya Warumi, wataalamu hujua ni mfanyabiashara gani aliyewapelekea askari mvinyo na mafuta. Basi nikafumbua macho. Hapa Bwera nikaona jerikani zenye mstari wa buluu sokoni, juu ya pikipiki ya boda iendayo Kisinga, na tatu kwenye lango la kambi. Nikajua kuna tajiri mmoja anayelisha jeshi, na ndizi zangu zinaoza shambani. Nikavaa koti la harusi, nikaenda kambini nimuuzie.

"Afande, namtafuta mwenye mstari wa buluu."

"Iko ndani. Mama, kuja! Mutu anakutaka."

Akatoka Biira, kikombe mkononi.

"Baba Kule! Mstari nilipaka mimi, ili jerikani zangu zisipotee bombani. Hata alama ya nyumba yako haujui?"

Askari wakacheka. Afande akanisukumia jerikani mbili tupu.

"Mzee, kamata. Bomba iko kule chini. Tembea!"