Makabati ya Revelian hayana kitasa

Keko, mtaa wa maseremala, kila fundi ana dosari yake, na biashara inaendelea hivyo hivyo. Yupo anayepima kwa shibiri, yupo anayepaka vanishi juu ya vumbi kisha akakwambia ndiyo fasheni. Dosari ya Revelian ilikuwa moja tu: makabati yake hayakuwa na kitasa. Milango ilijifunga kwa sumaku, ukiivuta inakuja. Mteja akiulizia kitasa, anaambiwa kitawekwa kesho. Kesho hiyo ilikuwa inaingia mwaka wa nne.

Seremala asiyeweka kitasa mjini hapa anabakiwa na vitanda na stuli, maana watu wa Dar wana mengi ya kufungia: hati ya kiwanja, vitenge vya harusi, sukari isionwe na wageni. Revelian alilijua hilo kuliko yeyote. Alikuja kutoka Muleba akiwa na miaka ishirini na miwili, na makabati ndiyo yaliyomlisha na kumsomeshea watoto watatu.

Wala hakuwa mbishi. Tatizo ni kwamba akishika kitasa alikuwa anaondoka. Mwili unabaki pale pale, patasi mkononi, macho wazi, mwenyewe hayupo. Akirudi anakuta jua limehama na chai imepoa. Siku moja alirudi akakuta amemaliza meza nzima, msasa umeshapigwa, na hakumbuki hata alivyochagua mbao. Ilikuwa meza nzuri. Iliuzwa siku ile ile, naye akapokea sifa za kazi ambayo kwa maoni yake ilifanywa na mtu mwingine.

Godlisten, mwenye mashine ya kupasulia mbao, ndiye aliyemwondoa kwenye msumeno.

"Braza, mie nakupenda," alimwambia, "ila vidole vyako navipenda zaidi. Kama haupo, usiguse mashine yangu. Na hospitali uende, usinizungushe."

Ilivyoanza, Keko nzima ilijua, ila hakuna aliyeisema mbele yake. Mafundi wa pale wana desturi: mmoja analala bandani kulinda mbao, mwenzake anamfungia kwa nje na kufuli ili mwizi akipita aone banda halina mtu. Asubuhi mwenye ufunguo anakuja kumfungulia. Ni desturi ya kijinga, na kwa kuwa ilizuia wezi miaka mingi, hakuna aliyeiacha. Usiku mmoja zamu ya kulala ilikuwa ya Nurdin, mshirika wa Revelian kwa miaka kumi na mmoja, na ufunguo alikuwa nao Revelian. Revelian alifika alfajiri akakuta moshi. Mlango ulikuja kufunguliwa, Nurdin akatolewa akiwa ameshafariki. Watu wakasema maskini Revelian, alichelewa kufika.

Hakuwasahihisha. Alikumbuka ufunguo uko mkononi na kufuli liko mbele yake. Baada ya hapo hakumbuki kitu mpaka anamwagiwa maji. Katikati hapo alisimama tu, kwa muda gani hajui. Hilo hakumwambia mtu, na zaidi ya wote hakumwambia Mwanakombo, mjane wa Nurdin.

Hospitali alipokelewa na nesi Sekela, binti wa umri wa mwanawe wa kwanza, aliyemwamkia vizuri na kumsikiliza bila kuandika.

"Baba, ubongo ukiona hatari unataka kukimbia au kupigana," alisema. "Ukiona vyote viwili haviwezekani, unazima. Mwili unaganda."

"Anayeganda anakuwa ameamua?"

"Haulizwi, baba. Mambo yanakwisha kabla hajaulizwa. Na siku kama hiyo, kumbukumbu inahifadhiwa bila tarehe. Ndiyo maana ukishika kitasa, ubongo hausemi ilikuwa mwaka ule. Unasema ni sasa hivi, na unazima tena."

Revelian aliyaona ni maelezo mazuri sana. Akauliza sindano yake inachomwa wapi. Hakukuwa na sindano. Kulikuwa na kuja kila Jumanne kuzungumza, na zoezi: akihisi anaondoka, akanyage chini kwa nguvu, ataje kwa sauti vitu vitano anavyoviona. Alikwenda kutafuta dawa, akapewa kazi ya chekechea.

Akaifanya. "Randa," alisema bandani. "Ndoo. Ndala. Godlisten." Akafikiri. "Godlisten."

"Mie umeshanitaja," Godlisten alijibu bila kuinua uso. "Tafuta kingine."

Mwezi wa tatu wa Jumanne hizo, Mwanakombo akaja bandani.

"Shemeji, mwanangu anaolewa baada ya Idi. Nataka kabati la mninga, milango miwili. Na kitasa, siyo hizo sumaku zenu."

Angemkatalia vipi? Kabati lilimchukua wiki moja. Kitasa peke yake kilichukua siku nne, na katika siku tatu za mwanzo aliondoka mara tano. Siku ya nne alitoboa tundu, akakipachika, akazungusha ufunguo. Kitasa kikagonga. Moshi ukamjia puani.

Akakanyaga chini. "Vumbi la mbao," alisema. "Patasi. Feni mbovu. Mkono wangu." Cha tano kilichelewa. "Mchana. Ni mchana."

Akabaki. Alizungusha ufunguo tena na tena, kisha akakaa kwenye stuli akamlilia Nurdin, kwa mara ya kwanza, maana siku zote zilizopita hakuwepo wa kulia.

Mwanakombo alipokuja kukagua, alifunga, akafungua, akaridhika. Revelian akamkabidhi ufunguo.

"Shemeji, siku ile sikuchelewa," alisema. "Nilifika, ufunguo ninao, nikasimama. Sijui nilisimama muda gani. Sijui hata kama ni mimi niliyefungua."

"Hukufungua wewe," Mwanakombo alisema. "Alifungua Godlisten. Alikukuta umesimama, akakunjua vidole vyako kimoja kimoja mpaka ufunguo ukatoka. Aliniambia siku ya hitima."

Kwenye mashine, Godlisten alikuwa anapima ubao ambao alishaupima.

"Nurdin alikuwa bado hai?" Revelian aliuliza.

"Hilo hakuna anayelijua," Mwanakombo alijibu. "Hata Godlisten hajui. Nilikuchukia, shemeji, sikufichi. Mwaka mzima nilikuchukia. Halafu nikawa nangoja uje uniambie mwenyewe." Akaufunga ufunguo kwenye pindo la khanga. "Nikaona huji. Nikaagiza kabati."