Sukari Inayovuja

Sisimizi ndio waliojua kwanza. Walijipanga msalani kwa Mwanasiti, huko uani Ngamiani, mstari mweusi kutoka ukutani hadi pale alipokojolea, na hawakuondoka mpaka awamwagie maji. Katika mimba mbili zilizotangulia walikuja vivyo hivyo. Watoto wote wawili walizaliwa wakubwa, wanono, na hakuna aliyelia. Huyu wa tatu Mwanasiti alimtaka awe hai tu. Hata awe na kengeza, hata awe na pua ya Bi Kijakazi, mama mkwe wake, mradi apumue.

Na kiu nayo! Mtungi ulijazwa asubuhi, adhuhuri ukawa unagongwa chini kwa kata. Mumewe Uweso, fundi cherehani mwenye moyo mwepesi, alimletea madafu na maji ya miwa kila alasiri, kwa kuwa mimba ikinyimwa inachokitaka mtoto hutoka udenda, na hilo hakuna mtaani aliyethubutu kulipinga.

Mimba ilipofika miezi saba alikwenda kliniki ya wajawazito. Nesi Ruthi, Mbondei mpole, aliuchemsha mkojo wake pamoja na dawa ya buluu, ikageuka nyekundu kama kigae.

"Mama, sukari yako inatoka na mkojo," akasema. "Acha vitamu vyote. Na Jumatatu uje ulazwe, tukupige sindano mpaka ujifungue."

Mwanasiti akayafikisha maneno yale nyumbani kama alivyopewa. Bi Kijakazi alikuwa akipepeta mchele, ungo ukasimama.

"Inatoka?"

"Inatoka, mama."

"Basi mwilini imekwisha! Mtungi ukivuja, mwanangu, unajazwa ama unaachwa ukauke? Mtu hafi nyumba hii kwa kukosa sukari, nami nipo."

Niseme nini? Hakuwa mwanamke mbaya. Alimpenda mkaza mwana wake, na maneno yake yangemwingia mtu yeyote mwenye mtungi nyumbani. Mwanasiti mwenyewe yalimwingia. Tena sindano alikuwa akiziogopa, na kiu ilikuwa upande wa Bi Kijakazi. Jumatatu ikapita. Zikaja tende, ikaja halua, ukaja uji wa asali asubuhi na jioni. Hao waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mbona hawakusema yanayompata aliyesikia?

Mwezi wa tisa mateke yakakoma. Mwanasiti alilala ubavu huu, akageukia ule, akanywa maji, akamwita mtoto kwa jina alilomchagulia kimoyomoyo, Sabiha. Tumbo kimya. Akajua, na hakumwambia mtu mpaka uchungu ulipomshika.

Wanawake waliomwosha mtoto, aliyezaliwa maiti, walimsifu. Mashavu hayo! Mapaja hayo! Hawajapata kuona mtoto aliyejaa namna ile. Mwanasiti alitamani wamwone kasoro, hata moja, apate pa kuushika msiba wake. Hawakuona.

Hazikupita siku nyingi kiu ikakatika, na sisimizi wakahama msalani. Bi Kijakazi, macho yamemvimba kwa kulia, akamshika mkono.

"Umeona, mwanangu? Imejaa sasa, haivuji tena. Tulichelewa kuanza, basi. Safari nyingine tutaanza mapema."

Mwanasiti alimtazama. Alitaka kumwambia kwamba kiu ile ilikuja na mtoto na imeondoka naye, kwamba pengine yule nesi alisema kweli. Lakini bibi yule alikuwa amemlilia mjukuu kuliko yeyote, na neno lile lingemuua. Akalimeza.

Mwaka uliofuata akashika mimba tena, na asubuhi moja akawakuta: mstari mweusi, kutoka ukutani. Aliwamwagia maji upesi upesi asiwaone mtu. Alipotoka, kata ingali mkononi, Bi Kijakazi alikuwa amesimama uani na bakuli la tende, ameshazitoa kokwa.

"Pokea, mwanangu," akasema. "Safari hii hatuchelewi."