Kifungo Chekundu cha Beki wa Kushoto

Timu ya taifa ilipoingia robo fainali ya mashindano ya mataifa, watu walijaa kwenye karakana ya fundi wa makochi kama kawaida yao, na kama kawaida yao kila mmoja alijiona mwalimu wa timu. Fundi mwenyewe ndiye aliyebandikwa jina. Walianza kumwita Kocha wa Makochi, kwa utani, kisha jina likafupishwa akabaki Kocha. Alikuwa na meza ndefu ya kukatia vitambaa. Jioni, mkasi ukishawekwa kando, juu ya meza hiyo vilipangwa vifungo kumi na kimoja vya kochi, vile vya kuvikwa ngozi. Hao walikuwa wachezaji wetu. Wapinzani walikuwa vizibo vya soda, maana mpinzani havikwi ngozi.

Jioni hiyo Kocha alipanga mabeki wanne nyuma, mstari umenyooka kama mshono wa fundi asiye na haraka. Mbele yao viungo wanne, mbele kabisa washambuliaji wawili.

"Beki wa kushoto asipande," alisema. "Akipanda anaacha mlango wazi nyuma yake. Hata kochi huanza na fremu, kitambaa ni baadaye."

"Hapo umesema," alijibu mwalimu mstaafu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Umemaliza kila kitu," alidakia mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara.

Kocha alisubiri. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akingoja mtu amwambie kwamba hajui mpira, kwamba arudi kwenye sponji zake. Walikunywa chai, wakakubaliana, wakaondoka jua halijazama. Ukimwona mtu anahuzunika kwa sababu amekubaliwa utadhani akili zimemruka, lakini Kocha alikuwa na haki ya huzuni yake. Aliyekuwa akimpinga hakuwepo.

Mtu huyo ni kinyozi wa chumba cha pili. Vyumba vyao vilitenganishwa na ukuta wa mbao tu, na kwa miaka mingi ukuta huo haukuzuia neno hata moja. Kocha alipiga misumari upande wake, Kinyozi akazungusha mashine upande wake, na ubishi ukaendelea katikati. Kinyozi alikuwa wa mashambulizi. Kwake yeye beki wa kushoto asiyepanda alikuwa mzigo, anakula posho ya taifa bure. "Mtu hutazamwa uso kwanza, kisogo baadaye," alikuwa akisema. "Mpira ni mbele, Kocha. Nyuma kaa wewe na fremu zako." Kisha angemgeukia mteja aliyeketi na povu kidevuni: "Wewe sema, apande asipande?" Na mtu mwenye wembe shingoni hujibu vile anavyotakiwa kujibu. Kwa hiyo Kinyozi alikuwa na mashahidi wengi sana.

Ubishi wao ulikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ilitungwa baada ya siku waliyopigiana kelele hadi mteja akatoka amenyolewa upande mmoja. Kati ya vifungo kumi na kimoja, kumi vilikuwa vya kahawia na kimoja chekundu, salio la kochi la bibi harusi fulani. Hicho chekundu kilikuwa beki wa kushoto. Wakakubaliana kwamba anayetaka kusema achukue kifungo chekundu, na akiwa nacho mkononi asikatizwe. Akikirudisha mezani, ndipo mwingine aseme. Karakana nzima iliifuata sheria hiyo, hata wageni.

Kinyozi, kwa ujanja wake, siku moja aliitwa na mteja katikati ya hoja, akaondoka na kifungo mfukoni. Kocha akabaki ameumeza ubishi wake huku akisikia mashine ikinguruma upande wa pili, na alipojaribu kufungua mdomo, Kinyozi alipaza sauti kupitia ukutani: "Kifungo kiko kwangu. Sijamaliza." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kocha alinuna siku ile yote, na leo angetoa chochote anunishwe tena vile.

Ilitokea miezi michache kabla ya mashindano. Kocha alisikia mashine ya kunyolea ikianguka, kisha akaisikia ikiendelea kunguruma sakafuni bila mtu wa kuiokota. Aliita kupitia ukutani. Aliita tena. Alipozunguka mlangoni, mteja alikuwa amesimama na kitambaa shingoni, na Kinyozi yuko chini. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia pamoja na maneno yake yote.

Kocha alikwenda kumwona hospitalini, akaenda tena aliporudishwa nyumbani. Mara zote mbili alikaa kwenye ukingo wa kiti, akasema "utapona tu", akaaga. Baada ya hapo akaacha kwenda. Alikuwa na visingizio vya kutosha: oda ya viti vya ukumbi, sponji zilizochelewa, mgongo. Ukweli ni kwamba aliogopa. Sauti ile aliikosa kila siku kuanzia asubuhi, lakini kuikosa kwa mbali kulivumilika. Kukaa mbele ya mdomo wa rafiki yake na kuikosa palepale kulimshinda.

Ndani ya karakana kulikuwa na kochi la zamani ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Hapo ndipo Kinyozi alipokuwa akikaa, pembe ya kushoto, na sponji ilikuwa imebonyea kwa umbo lake. Kwa fundi kama Kocha, kurekebisha sponji hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Hakuigusa, na mtu yeyote akitaka kukaa pale aliambiwa kuna misumari.

Siku ya mechi ya robo fainali, Mama Vitambaa alileta mzigo wa kitambaa cha kijivu. Mwanamke huyo huuza vitambaa mtaa wa pili na ulimi wake hauna pazia. Aliuangusha mzigo mezani, akavitazama vifungo.

"Leo mnacheza," alisema.

"Tunacheza."

"Na utatazama wapi?"

"Hapahapa, na Mwalimu na wenzake."

"Na rafiki yako atatazama na nani?"

Kocha akajifanya kupima kitambaa.

"Mke wake alipita dukani juzi," Mama Vitambaa aliendelea. "Aliuliza kama Kocha ni mzima. Nikamwambia ni mzima kabisa, anakula na kunywa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, ndivyo tulivyofundishwa. Wewe naona unawafaa watu kwa raha tu."

"Mama Vitambaa, nikienda nitamwambia nini? Hajibu."

"Kwani alipokuwa anajibu ulikuwa unamsikiliza?"

Alimpa kidonge chake, akahesabu mita zake, akaenda. Kocha akavikusanya vifungo na vizibo kwenye kopo la bati, akamwachia Mwalimu funguo za karakana.

Mke wa Kinyozi alimfungulia mlango. Hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi.

"Karibu, shemeji. Tulidhani umehama."

"Kazi, shemeji."

"Haya. Kazi."

Kinyozi alikuwa ameegemezwa kwa mito kitandani, televisheni ndogo imewashwa mbele yake, mkono wa kulia umelazwa juu ya shuka. Nywele zake zilikuwa zimeota ovyo, yeye ambaye hakuwahi kuvumilia unywele mmoja juu ya sikio. Kocha alisalimia, akaomba sinia, akaliweka kwenye mapaja ya mgonjwa, akaanza kupanga.

Njiani alikuwa amefikiria zawadi ya kumpelekea, na aliamua kumpa ile ambayo Kinyozi aliitafuta miaka yote. Alipanga timu kwa mfumo wa rafiki yake. Kifungo chekundu akakisukuma mbele kabisa, karibu na ukingo wa sinia.

"Nimewaza sana, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini, ile watu wanayoitumia vyumba vya wagonjwa. "Ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Beki apande. Mimi ndiye niliyekuwa sielewi."

Kinyozi alivitazama vifungo. Akamtazama Kocha. Kisha akageuza uso, akaangalia ukuta.

Kocha alidhani amechoka. Alijaribu tena, "Apande, kabisa, wala hakuna ubishi," lakini uso haukurudi. Shemeji, aliyekuwa akiyaona yote kutoka mlangoni, alimwita jikoni.

"Shemeji, nikuambie kitu usikasirike. Kila anayeingia humu anamkubalia. Akinyoosha mkono dirishani, ndiyo. Akikohoa, ndiyo. Wamemgeuza mtoto mchanga, mtu mzima yule." Alifuta mikono kwenye kanga, akairudia kuifuta ingawa ilikuwa mikavu. "Mimi nilikuwa nakungoja wewe. Nilisema huyu angalau atakuja kumgombeza."

Kocha alisimama pale jikoni akiutazama moto wa jiko. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, kama njaa. Alirudi chumbani na miguu ya mtu anayedaiwa jibu. Akakichukua kifungo chekundu, akakirudisha nyuma kwa kishindo, kwenye mstari wa mabeki.

"Nimekudanganya," alisema, safari hii kwa sauti yake ya karakana. "Beki abaki nyuma. Kupanda ni upuuzi, na upuuzi huo umewahubiria wateja wako mpaka wametoka na vipara. Hujui mpira. Hukuwahi kuujua."

Akakiachia kifungo, akangoja.

Uso uligeuka kutoka ukutani, polepole. Mkono wa kushoto ulitoka ndani ya shuka, ukaangusha kizibo kimoja njiani, ukakifikia kifungo chekundu, ukakisukuma mbele. Kocha akakirudisha. Mkono ukakisukuma tena. Kocha akakirudisha na kutoa hoja ya mlango wazi. Mkono ukakisukuma mpaka kikataka kuanguka. Shemeji aliweka chai mezani, akaenda kulia jikoni, huko ambako hakuna wa kumwambia nyamaza.

Mechi ilianza. Na mpira, kama ujuavyo, haujali ubishi wa mtu. Beki wetu wa kushoto alipanda mapema, akapiga krosi, tukafunga. Kinyozi aligonga ukingo wa kitanda kwa kiganja. Kipindi cha pili beki yuleyule alipanda tena, hakuwahi kurudi, wapinzani wakapita palepale pa wazi wakasawazisha. Kocha akasimama akaonyesha televisheni kwa kidole, "Umeona? Umeona mlango?" Dakika za mwisho wakapita tena kulekule wakafunga, na safari yetu ikaishia hapo.

Ndipo ukaja ukimya ambao Kocha aliuogopa. Ungekuwa wakati mwingine, hapo Kinyozi angeruka juu, amwambie kwamba kosa si la beki aliyepanda, ni la kiungo aliyelala asizibe nafasi. Kocha aliijua hoja hiyo neno kwa neno. Aliijua na pumzi zake. Aliitamani ile sauti ya mkwaruzo, na akajua kuwa pengine hataisikia tena maisha yake yote.

Mdomo wa Kinyozi ulisogea. Ilitoka sauti, si neno, ni mkoromo mrefu uliopanda mwishoni. Wageni wengine wangeitikia ndiyo.

"Sijakuelewa," Kocha alisema. "Na hata ningekuelewa, ningekataa."

Upande mmoja wa mdomo ule ulicheka.

Walikaa hivyo hadi televisheni ikahamia taarifa ya habari. Shemeji akavikusanya vifungo na vizibo kutoka kwenye sinia na mikunjo ya shuka, akamfungia kopo. Kocha aliaga, akaahidi kurudi, na safari hii hakusema "utapona tu".

Kesho yake karakana ilikuwa imejaa mapema. Timu ikishinda watu huja kusema, ikifungwa huja kusema zaidi. Mwalimu alikuwa na nadharia yake, mchomeleaji na yake, na hata Mama Vitambaa alikuwa amesimama mlangoni akidai kwamba kipa alipangwa kwa undugu. Kocha akafungua kopo, akamimina mezani, akaanza kupanga. Vikatokea vifungo kumi, vyote vya kahawia.

Alilitikisa kopo. Akainama akatazama chini ya meza, akapekua mifuko yake, kisha akampigia simu shemeji yake.

"Anacho," shemeji alisema. "Amekifumbata tangu jana, mkono wa kushoto. Amelala nacho. Asubuhi nilipotaka kumnawisha nilijaribu kumfungua vidole, akanikazia macho. Nimchukulie kwa nguvu?"

"Hapana," Kocha alisema. "Mwache nacho."

Akakata simu, akabaki ameishika. Mwalimu aliona nafasi, akarekebisha miwani yake, akakohoa.

"Sasa mimi kwa maoni yangu, jana sisi..."

"Subiri, Mwalimu," Kocha alisema, na tayari alikuwa anavirudisha vile vifungo kumi ndani ya kopo, anatafuta kofia yake. "Kuna mtu hajamaliza kusema."